Karatasi za babu msizipige laminesheni: maswali yenu kuhusu nyaraka za kale

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za nyaraka za kale za huku kwetu kaskazini, na tangu hapo simu yangu haijapumzika, watu wameandika kutoka Machame, Usa River, Majengo mpaka Karatu. Nimefurahi mno. Miaka yote niliyokaa na makaratasi ya zamani nimezoea kuona anayekuja kuyaulizia ni mgeni kutoka Ulaya anayeandika kitabu, sasa hivi nawaona nyie wenyewe mnaulizia ya kwenu. Siwezi kujibu yote, nimechagua sita, na la kwanza ntalikalia zaidi maana limenifikia kwa sura tofauti tofauti kutoka kwa watu wengi.

SWALI: Shikamoo mama. Bibi yetu alitangulia mwaka jana, na Desemba tulivyoenda nyumbani Old Moshi kwa ajili ya Krismasi tukafungua chumba chake, chini ya kitanda tukakuta sanduku la bati limejaa karatasi za babu. Babu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, baadae akawa mzee wa baraza. Kuna stakabadhi, madaftari, barua, na picha kidogo. Kaka mkubwa anataka zile nzuri tuzipige laminesheni tuweke ukutani, shangazi anasema tugawane kila mtoto apate zake, na zisizo na maana tuchome. Mi naona kama tunakosea ila sina cha kuwajibu. (Msomaji, Old Moshi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na msiba. Kaka yako na shangazi yako wote wanampenda babu, hakuna mwenye nia mbaya hapo, ila nawaomba sana msifanye lolote kati ya hayo matatu mpaka mkae mnisome wote.

Laminesheni kwanza. Ile mashine inayeyusha plastiki kwa moto na kuigandisha na karatasi pande zote mbili, na ikishaganda haitoki tena bila kuondoka na maandishi. Karatasi nyingi za miaka ya 1930 mpaka 1960 zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, zina asidi ndani yake zenyewe, ndo maana zinageuka rangi ya chai na kukatika pale zilipokunjwa, sasa ukiifungia hiyo asidi ndani ya plastiki inaendelea kuila karatasi taratibu na wewe huwezi tena kuifikia. Na kama babu aliandika kwa ule wino wa zamani wenye madini ya chuma, ule ambao leo unauona umekuwa kama kutu, basi wino wenyewe nao unakula karatasi, kuna barua nimeshazishika ambazo herufi zimedondoka zimebaki matundu yenye umbo la herufi. Selotepu nayo hivo hivo, gundi yake inageuka njano inaingia mpaka ndani. Kaka akitaka kitu ukutani, na ana haki, pigeni picha nzuri ya hiyo barua, mprinti, hiyo kopi ndo iende laminesheni na kwenye fremu, hata kila sebule ya ukoo iwe na yake. Halisi ikae gizani.

Sasa kugawana, hapa ndo moyo wangu ulipo. Chukua stakabadhi moja ya kahawa uishike mkononi. Ina namba ya mwanachama, tarehe, uzito kwa ratili, shilingi na senti, pembeni sahihi au dole gumba. Peke yake ni kikaratasi tu. Sasa iweke kando ya daftari la karani lenye wanachama wote wa msimu ule, unaweza ukaona kumbe mwenye namba ile alileta nusu ya alichokuwa analeta mwaka wa nyuma, na si yeye peke yake, majirani zake wa kitongoji kile kile nao wameshuka, halafu ukigeukia barua unakuta kuna moja ya mwaka huo huo inalalamika mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, umebomoka huko juu na maji hayafiki kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani. Hapo umepata habari ambayo hakuna mtu aliyewahi kukaa akaiandika popote. Umeipata kwa sababu vitu vitatu vilikuwa sanduku moja. Shangazi akienda na daftari Dar, wewe ukabaki na stakabadhi, mdogo wako akaondoka na barua Mwanza, ile habari imekufa, na bado kila mmoja wenu ataapa kwamba hakuna hata karatasi iliyopotea.

Sisi wa kazi hii tuna kanuni kubwa moja, karatasi za mtu mmoja au ofisi moja zikae pamoja, na kwa mpangilio ule ule aliouacha mwenyewe. Ukikuta barua imechomekwa katikati ya daftari usiichomoe ukaiweke kwenye fungu la barua wenzake, babu aliichomeka pale kwa sababu yake na huo ukurasa ndo unaoieleza.

Na kuchoma, hapana jamani. Watu wanatunza cheti chenye muhuri wanachoma orodha ya majina, wakati cheti mara nyingi kina nakala ofisini na orodha haina nakala popote duniani. Fikirini hivi vyama vimepitia nini. Wakulima wa mlimani walianzisha chama chao cha kahawa cha KNPA mwaka 1925, kina Joseph Merinyo wakiwa mbele, mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika, mwaka 1976 serikali ikafuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima kabla ya kuvirudisha miaka ya 80. Umangi, yaani utawala wa machifu, nao ulifutwa 1963. Ofisi ikifutwa karatasi zake zinakuwa yatima, hakuna anayejua tena ni za nani, kwa hiyo sanduku la karani linaweza kuwa limebeba kitu ambacho kwenye makabati ya ofisi hakipo tena.

Cha kufanya ni hiki. Subirini siku kavu, mtandike shuka safi mezani, mnawe mikono na kuikausha vizuri, hizo glovu za kwenye sinema hazina haja kwa karatasi maana mikono inakuwa mizito unaichana. Kabla hujanyanyua chochote piga picha sanduku lilivyo, halafu kila tabaka unaloondoa piga picha tena, na kila karatasi iandike namba ndogo kwa penseli kwenye kona ya nyuma, penseli tu, kalamu ya wino isikaribie hiyo meza. Pini zilizooza kwa kutu zitoe polepole, ila karatasi zilizokuwa zimebanwa pamoja ziendelee kukaa pamoja kwenye bahasha moja. Msizipige pasi. Msipulizie dawa ya mende. Sanduku liinueni kutoka chini liwe juu ya matofali au meza, mbali na ukuta unaotoa unyevu, na msilipandishe darini juu ya jiko, moshi na joto vitazimaliza.

Halafu sanduku akae nalo mmoja, mchagueni nyie, na kila mtoto apewe flashi yenye picha za kila ukurasa. Mkiona hakuna wa kulitunza pelekeni kwenye hifadhi, ya serikali au ya kanisa lenu, ila msikabidhi kwa maneno ya mdomo, ulizeni kama wanapokea kama zawadi au kama amana, nani ataruhusiwa kusoma, barua za siri za familia zitafungwa kwa miaka mingapi, na mpewe orodha iliyosainiwa. Na shangazi, tafadhali, kabla ya yote mkalishe na zile picha mumuulize kila sura ni ya nani na muandike. Hiyo kazi hakuna mtu mwingine anayeiweza, na ni ya wiki hii.

SWALI: Habari yako mama. Natafuta habari za baba yake babu, alikuwepo enzi za Mjerumani, sisi ni wa Machame. Nimezunguka ofisi moja siku tatu nikaambiwa hakuna kitu chenye jina hilo. Je Wajerumani waliondoka na kila kitu? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Nzuri kijana wangu, na pole kwa mizunguko. Hawakuondoka na kila kitu. Mafaili mengi ya serikali yao yako Dar es Salaam kwenye Nyaraka za Taifa pale Upanga, mengine walipokuwa wanarudi nyuma kwenye vita mwaka 1916 walikuwa wameyapeleka Tabora wakayafukia, Waingereza wakaja kuyapata baadae. Na yale ya wizara yao ya makoloni yako Berlin, yameskaniwa, unayasoma bure kwenye intaneti chini ya alama R 1001.

Ila tatizo lako nadhani si hilo. Umeenda kutafuta jina, na hifadhi haijapangwa kwa majina ya koo. Imepangwa kwa aliyeandika. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani alikuwa na sababu ya kumuandika babu yako? Kama alibatizwa ni kanisa, na kwa Machame una bahati maana wamisionari wa Leipzig walifungua kituo pale mwaka 1893, Mamba 1894, na Kidia kule Old Moshi 1896. Anzia kwenye vitabu vya ubatizo vya usharika wenu, ongea vizuri na mchungaji. Na kumbuka humo ataandikwa kwa jina la ubatizo na jina la baba yake, lile jina la kimila mnalolitambikia nyumbani linaweza lisiwepo kabisa. Kumbukumbu za ile misheni yenyewe zinatunzwa Halle, Ujerumani, na picha zake nyingi zipo kwenye intaneti kupitia chuo kikuu cha USC cha Los Angeles, ukizitazama utaona vijiji unavyovijua bila bati hata moja. Ingekuwa ni Kilema au Kibosho ningekwambia nenda kwa Wakatoliki, mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa huko kuanzia miaka ya 1890, na daftari zao za kila siku waliandika kwa Kifaransa.

Kama alilipa kodi, alishtakiwa, alifanya kazi boma au shamba la mlowezi, basi ni serikali. Na hapo badilisha tahajia unapotafuta, Mjerumani aliandika Moschi, Aruscha, Kiboscho, Madschame, Kilimandscharo. Ukiandika Machame kwa spelling ya leo mashine itakujibu hakuna kitu na utaamini. Waingereza walipokuja, kila wilaya ikawa na kitabu chake cha wilaya, bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, anaandika humo orodha za mamangi, koo, mipaka, mila, kesi kubwa, kile cha Moshi na cha Arusha ni vya kusoma kwa mtu yeyote wa huku.

Soma lakini ukijua kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Kunyongwa kwa Mangi Meli wa Old Moshi na wenzake tarehe 2 Machi 1900 kwa upande wa karatasi tunakusoma kwa mwandiko wa Wajerumani waliomnyonga, upande wetu ulibaki midomoni mwa wazee. Ndo maana namheshimu sana mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu aliyejaza madaftari 9 ya historia ya Wachagga kutoka kwa wazee wenyewe kabla hajafa mwaka 1927. Usisubiri ofisi, muulize na mzee wa ukoo wenu, umrekodi.

SWALI: Tuna barua ya mmisionari mmoja ya zamani nyumbani, nimempa rafiki aliyesoma Ujerumani miaka minne na yeye kashindwa kuisoma. Je ni Kijerumani kweli? (Msomaji, Marangu)

JIBU: Ni Kijerumani, mwandiko ndo mwingine. Kuna mwandiko wao wa zamani unaitwa Kurrent, ulifundishwa shuleni mpaka 1941 ukaachwa, Mjerumani wa leo wengi hawausomi kabisa kwa hiyo usimlaumu rafiki yako. Herufi e inafanana na n, ndo inayowapoteza watu wote, na u wanaiwekea kakofia juu ili uitofautishe na n. Mi nilijifunza kwa kuanza na maneno ninayoyajua, tarehe, jina la mahali, salamu ya mwanzo, ukishapata "Moschi" umepata herufi sita za kwenda kuwinda nazo kwenye mistari mingine. Kuna programu ya Transkribus inasoma miandiko hii kutoka kwenye picha, inakosea ila inakupa pa kuanzia. Piga picha karibu na dirisha, bila flashi.

SWALI: Shikamoo. Babu alituhadithia kesi ya ardhi ya Wameru iliyofika mpaka Marekani. Hizo nyaraka ziko wapi, Arusha au huko huko? (Mwanafunzi, Usa River)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Babu hakukudanganya. Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kwenye shamba namba 31 na namba 328, ili wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Wameru wakachanga hela, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi. Iliwezekana kwa sababu Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mwananchi alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yake.

Kwa hiyo jibu ni kote kote, kila upande una karatasi zake. Malalamiko na majibizano ya kikaoni utayapata Umoja wa Mataifa, ndo mahali sauti ya Wameru ilichapwa ikabaki rasmi. Barua za gavana na London ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza kule Kew, kwenye mfululizo wa mafaili wa CO 691. Mafaili ya ofisi za huku tafuta Dar. Ukisoma moja tu utadhani umeelewa, soma mawili ndo utaona tukio lile lile upande mmoja linaitwa mpango wa maendeleo na mwingine linaitwa kuchomewa nyumba. Na upande wa nne uko kwenu, kama kuna mzee ana stakabadhi ya mchango wa ile safari, au picha, rudi juu usome nilichomjibu msomaji wa Old Moshi.

SWALI: Zile nyaraka za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ziko hapa hapa Arusha? Raia wa kawaida anaruhusiwa? (Msomaji, Sakina)

JIBU: Ziko, Laki Laki, barabara ya kwenda Dodoma, kwenye ule mfumo wa Umoja wa Mataifa uliorithi kazi baada ya mahakama yenyewe kufungwa Desemba 31, 2015. Ilianzishwa Novemba 1994. Zilizo wazi, hukumu, mienendo ya kesi, vielelezo, unazisoma kwenye intaneti bure. Zingine zimefungwa, na naunga mkono, kuna mashahidi walioongea kwa kuahidiwa majina yao hayatatoka, na wengine bado wanaishi na majirani wale wale.

SWALI: Mama mi ni karani ofisi ya kata huku Hai. Stoo yetu imejaa madaftari ya zamani, kuna rejista za baraza, kuna daftari la zamu za mfongo sijui la mwaka gani jalada limetoka. Bosi mpya anataka stoo isafishwe ifikapo mwisho wa mwezi, kuna mtu kashaahidi kununua kwa kilo. Nifanyeje bila kugombana na mkubwa wangu? (Karani)

JIBU: Asante kwa kuandika kabla, wengi wananiandikia baada.

Miaka ya nyuma nilinunua karanga stendi ya Moshi, nikaifungua ile koni nikakuta ni ukurasa wa rejista ya baraza, mwandiko wa kalamu ya kuchovya umenyooka kabisa, mdai anadai mbuzi, mdaiwa anasema alishalipa kwa kulima siku tatu na anataja shahidi, hukumu ilikuwa kwenye upande uliochanwa. Nikarudi kwa yule mama muuza karanga, akaniambia kanunua fungu kutoka kwa kijana, na kijana kayatoa kwenye ofisi iliyokuwa inahama. Nikanunua yote aliyobaki nayo, kurasa 23. Hukumu ya yule mbuzi sikuipata. Mpaka leo nazifikiria zile zilizouzwa asubuhi kabla sijafika.

Kwako wewe sheria iko upande wako, tena huna haja ya kugombana. Kuna Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya 2002, kumbukumbu za ofisi ya umma haziteketezwi wala kuuzwa bila kibali cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Akiuza bila kibali anayebeba kosa ni yeye bosi wako, kwa hiyo ukimwambia unamkinga. Mwendee kwa heshima, mwambie mzee nimeona hili linaweza kutuletea shida, naomba niandae barua kwa idara waje wakague, wao wataamua kipi kiende hifadhi na kipi kitupwe kihalali, na stoo yako utaipata ikiwa tupu, na saini ya idara juu. Barua ipitie kwa mkurugenzi wa halmashauri, wewe baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ambatanisha orodha hata ya kurasa mbili, aina ya daftari, miaka kama inaonekana, idadi, hali yake.

Nunua kufuli, na mnunuzi wa kilo mwambie asubiri kibali kitoke. Halafu lile daftari la mfongo lisilo na jalada livalishe bahasha kubwa ya kaki uliinue kutoka sakafuni leo leo, masika yanakaribia.